Kiyoyozi cha Yoti ya Kifahari: Mwongozo Kamili wa Kusanifu Mfumo na Kutafuta Hitilafu

Yoti nyingi ambazo wageni wake hulalamikia joto zina mashine yenye nguvu za kutosha, pengine hata za kupita kiasi. Kinachokosekana ni hesabu ya unyevu, njia safi ya maji ya bahari, na nafasi ya hewa kurudi kwenye mashine. Hayo matatu ndiyo yanayoamua kama chumba cha mwenye chombo kitakuwa kikavu na kitulivu usiku wa manane, au kitakuwa na shuka zenye majimaji huku thamostati ikionyesha nyuzi 21. Mwongozo huu ni wa fundi, mhandisi wa chombo na msimamizi wa ujenzi. Unaanzia kwenye hesabu, unapita kwenye mabomba na dakti (njia za kupitishia hewa), kisha unaingia kwenye kazi ya kutafuta hitilafu. Nyuzi zote zinazotajwa ni za sentigredi.

Fuata safari ya joto

Hewa ya chumba hupita kwenye koili baridi (mabomba membamba yaliyokunjwa-kunjwa) na kuacha hapo joto lake pamoja na maji yake. Gesi iliyo ndani ya koili hulibeba joto hilo hadi kwenye kompresa. Kompresa huikandamiza gesi mpaka inakuwa moto kuliko bahari, na kondensa hulikabidhi joto kwa maji ya bahari yanayosukumwa na pampu na kumwagwa nje. Kwenye yoti kubwa huongezeka hatua moja katikati: mashine kuu, yaani chila, hupooza maji hadi nyuzi 7 hivi, na maji hayo huzungushwa kwenye koili za vyumba vyote na kurudi yakiwa na nyuzi 12 hivi.

Hatua moja ikikwama, zote zilizo nyuma yake hukwama nayo. Chujio la maji ya bahari likijaa mwani chini kabisa kwenye chumba cha injini, atakayelalamika ni mgeni aliye sitaha ya juu. Kwa hiyo katika kusanifu na katika kutengeneza, swali ni lile lile: joto limefika wapi, na nini kinalizuia lisiendelee?

Hatua ya 1: Hesabu mzigo wa joto, chumba kwa chumba

Anza kwa kuamua chombo kitafanya kazi katika hali gani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7547, kinachohusu hewa ya makazi ndani ya meli, hutumia hewa ya nje ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 70, na ndani nyuzi 27 zenye unyevu wa asilimia 50. Mwenye yoti ya kifahari hataridhika na nyuzi 27, kwa hiyo sanifu kwa nyuzi 22 hadi 24. Maji ya bahari hesabu kuwa nyuzi 32. Kama chombo kitakaa Ghuba ya Uajemi wakati wa kiangazi, panda juu zaidi, kwa sababu maji ya huko huivuka namba hiyo.

Mafundi wengi hutumia makadirio ya haraka: wati 190 kwa kila mita ya mraba kwa vyumba vilivyo chini ya sitaha, wati 280 kwa sitaha ya kati, na wati 380 kwa sebule ya juu yenye vioo vingi. Makadirio haya yanafaa kwa boti ndogo, na yanafaa kwa mazungumzo ya mwanzo. Kwa yoti kubwa hayatoshi, na mfano ufuatao unaonyesha sababu.

Chukua sebule ya mita za mraba 40. Ina vioo vya tabaka mbili vya mita za mraba 18, nusu yake ikipigwa na jua kwa wakati mmoja. Ina paa jeupe lenye insulesheni (kinga ya kuzuia joto), na watu 12. Ndani tunataka nyuzi 24, nje ni 35.

- Jua kupitia vioo vyenye mapazia: mita za mraba 9 × wati 240 = wati 2,160
- Joto linalopenya vioo vyote: 18 × 3.5 (wati zinazopenya kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja) × 11 (tofauti ya nje na ndani) = wati 690
- Paa: 40 × 0.9 × 27 (nyuzi 11 za tofauti na 16 za jua) = wati 970
- Kuta: wati 310 hivi
- Miili ya watu: 12 × 120 = wati 1,440
- Taa, runinga na vifaa vingine: wati 720
- Hewa safi ya watu 12: wati 5,280

Jumla ni kama wati 11,600, yaani kilowati 11.6, au BTU 39,500 kwa saa kwa wanaotumia kipimo hicho. Makadirio ya haraka yangekupa wati 15,200. Bila hewa safi, mzigo wa sebule yenyewe ni wati 6,300 tu.

Tazama tena mstari wa mwisho. ISO 7547 inataka angalau lita 8 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 70 ina maji mengi mno, na kuileta hadi nyuzi 24 zenye unyevu wa asilimia 55 kunagharimu wati 440 hivi kwa kila mtu. Mwili wa mtu aliyeketi hutoa wati 120 tu. Hewa anayovuta mgeni ni mzigo mara tatu na zaidi ya mgeni mwenyewe. Wasanifu wengi huisahau hewa hiyo, kisha huficha pengo kwa kununua mashine kubwa.

Maji yenyewe pia yahesabiwe. Katika hali hiyo kila mtu huleta karibu nusu lita ya maji kwa saa kupitia hewa yake safi. Yoti yenye wageni 12 na mabaharia 8, hewa ya nje ikibaki hivyo mchana na usiku, italazimika kukamua zaidi ya lita 200 kwa siku. Maji hayo lazima yapate mahali pa kudondokea na bomba la kutokea, la sivyo yatakwenda kwenye mbao na zulia.

Kwa nini nasisitiza usizidishe nguvu? Koili hukausha hewa pale tu inapokuwa baridi kwa muda mrefu. Mashine kubwa kupita kiasi hushusha joto kwa dakika chache, hujizima, na unyevu hubaki chumbani. Mgeni akihisi hewa nzito hupunguza namba kwenye thamostati, ukuta hupoa zaidi, ukungu huota nyuma ya kabati. Dawa ya hali hii ni kukausha hewa, na mashine kubwa zaidi huiharibu hata zaidi.

Usisahau rangi ya chombo. Kwa hesabu za ISO 7547, jua huongeza nyuzi 12 juu ya joto la hewa kwa ukuta wima wa rangi nyeupe, na nyuzi 29 kwa ukuta wa rangi nyeusi. Sitaha ya rangi nyeupe huongeza 16, nyeusi 32. Mwenye chombo akitaka kubadilisha rangi kuwa buluu iliyokolea, rudia hesabu kabla rangi haijapakwa.

Hatua ya 2: Chagua aina ya mfumo

Kwa boti hadi mita 15 hivi, mashine iliyokamilika ndani ya boksi moja chini ya kitanda au kochi inatosha: kompresa, koili na kondensa viko pamoja, na kinachoingia ni umeme na maji ya bahari. Ni rahisi kufunga na kila chumba hujitegemea. Ubaya wake ni kelele ya kompresa karibu na kichwa cha anayelala, na maji ya chumvi kupita ndani ya vyumba.

Kwa yoti kubwa zaidi, napendelea mfumo wa chila bila kusita. Gesi yote hubaki chumba cha injini, ambako inatazamwa na kutengenezwa kirahisi. Vyumbani huingia maji yaliyopoozwa tu, na bomba likivuja unapata sakafu yenye maji badala ya chumba chenye gesi.

Gawa chila katika sehemu mbili, tatu au nne zinazojitegemea, kila moja na kompresa yake. Moja ikiharibika safari inaendelea, na usiku wageni wakiwa wachache unaendesha moja tu. Kompresa zenye kasi inayobadilika ni nzuri zaidi kwa sababu hazina mshtuko wa kuwaka na kuzima.

Usijumlishe tu mizigo ya vyumba vyote ili kupata ukubwa wa chila. Wageni 12 hawawezi kuwa sebuleni na vitandani kwa wakati mmoja, na jua halipigi pande zote za chombo pamoja. Tengeneza jedwali la saa: saa tisa alasiri nani yuko wapi, saa tano usiku nani yuko wapi, kisha chukua saa yenye jumla kubwa zaidi. Koili ya kila chumba ikidhi kilele cha chumba chake. Chila ikidhi kilele cha chombo kizima.

Mtiririko wa maji yaliyopoozwa ni kama lita 9 kwa dakika kwa kila kilowati 3.5, iwapo tofauti ya kwenda na kurudi ni nyuzi 5 hadi 6. Weka tangi la kupokea maji yanapopanuka, na valvu ya kutoa hewa kila mahali bomba linapopanda kisha kushuka. Hewa iliyonasa kwenye kona ya juu huzima chumba kizima na hakuna kipimo cha gesi kitakachokuonyesha.

Hatua ya 3: Maji ya bahari

Hapa ndipo mifumo mingi hufa, basi tulia hapa.

Kila kilowati 3.5 za kupooza huhitaji lita 11 hivi za maji ya bahari kwa dakika. Chila ya kilowati 70 itahitaji lita 220 kwa dakika, na bomba la milimita 50 kwa ndani litayapitisha kwa kasi isiyofika mita 2 kwa sekunde. Maji yakizidi, kasi huongezeka, na kasi kubwa hula mabomba ya shaba-nikeli ndani ya kondensa hadi yatoboke. Kwa hiyo maji machache ni tatizo, na maji ya kupita kiasi nayo ni tatizo.

Tundu la kuingizia maji liwe chini kabisa, mahali ambapo halitatoka majini chombo kikiyumba, na liwe mbali na tundu la maji machafu. Kichota maji kielekee omo, yaani mbele ya chombo, ili mwendo wa chombo usukume maji ndani. Usishirikishe tundu hili na injini: injini ikikimbia kwa kasi itainyang'anya pampu ya kiyoyozi maji.

Baada ya tundu hufuata valvu ya bahari ya bronzi, kisha chujio, kisha pampu, kisha kondensa, kisha nje. Pampu za aina hii hazina uwezo wa kuvuta hewa, kwa hiyo ni lazima ziwe chini ya usawa wa maji. Hozi ipande moja kwa moja kutoka valvu hadi kondensa bila kilima wala bonde. Bonde moja lililonasa hewa linatosha kuisimamisha pampu baada ya kila mawimbi makali. Kila mwisho wa hozi ulio chini ya usawa wa maji ufungwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, vichwa vyake vikitazamana pande tofauti.

Chujio liwe pale ambapo mhandisi anaweza kulifungua akiwa amesimama. Nimesisitiza hili kwa wajenzi wengi, kwa sababu chujio lililofichwa chini ya mabomba halisafishwi. Kwenye ghuba zenye yavuyavu au plastiki nyingi, linaweza kuhitaji kusafishwa zaidi ya mara moja kwa siku. Afadhali kuwa na mawili sambamba, moja likifanya kazi na jingine likisafishwa.

Maji ya kutoka yakimwagwa juu kidogo ya usawa wa bahari, kila mpita gatini anaona kama yanatoka. Kwenye yoti ya kifahari mlio wa maji hayo huwakera wageni usiku, na wasanifu huyapeleka chini ya maji. Ukifanya hivyo, weka kipimo cha mtiririko na taa ya onyo, maana jicho limeondolewa kazini.

Jambo la mwisho ni kutu ya umeme. Usichanganye metali ovyo kwenye njia ya maji ya chumvi. Unganisha sehemu za metali na waya wa kinga wa chombo, na kama kondensa ina vipande vya zinki vya kuliwa badala yake, vikague kwa ratiba. Kwa chombo kinachokaa bandari chafu au maji yenye mchanga, kondensa ya titaniamu inastahili gharama yake.

Hatua ya 4: Hewa na maji ya koili

Hewa inayorudi kwenye mashine ihitaji uwazi mkubwa kuliko ile inayotoka. Kadiria mara mbili hivi kwa eneo. Wabunifu wa ndani hupenda kuficha grili za uwazi huu (vifuniko vyenye matundu ya hewa) nyuma ya mapambo, na fundi hulazimika kusimama imara. Koili isiyopata hewa ya kutosha huganda barafu.

Grili ya kutolea hewa isitazamane na ile ya kurudishia, kwani hewa baridi itarudi moja kwa moja kwenye mashine, thamostati itadhani chumba kimepoa, na mashine itawaka na kuzima siku nzima. Toa hewa juu, irudishe chini. Dakti zinyooke, zisibanwe kwenye kona, na ziwe na insulesheni.

Hewa safi iingie kupitia mashine yake maalumu inayoikausha kwanza, kisha isambazwe vyumbani ikiwa tayari kavu. Ukifanya hivyo mashine za vyumbani zinabaki na mzigo mdogo na zinaendeshwa kimya, kama ile sebule ya wati 6,300. Hewa safi inayoingia iwe nyingi kidogo kuliko inayovutwa na feni za vyoo na jikoni. Ikiwa chini, chombo kitavuta hewa yenye unyevu kupitia kila ufa wa mlango, na hakuna koili itakayoshinda.

Kuna onyo moja lisilo na mjadala. Hewa ya kurudi isitokee chumba cha injini wala kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo yanakokusanyika maji. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Hata bomba la maji ya koili lisiishie karibu na bomba la moshi la injini au jenereta, acha angalau mita moja, wala lisiishie wazi ngamani. Lipeleke kwenye tangi lililofungwa lenye pampu, likiwa na kona yenye maji inayozuia hewa kupanda. Funga kifaa cha kugundua kaboni monoksidi katika kila chumba cha kulala.

Mabomba ya maji yaliyopoozwa yavikwe insulesheni yenye vitundu vilivyofungwa, na kila kiungo kigundishwe kwa gundi yake. Kwa hewa ya nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 70, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 28 kitatoa jasho. Valvu moja iliyoachwa uchi juu ya dari itaoza mbao zilizo chini yake.

Hatua ya 5: Umeme na gesi

Kompresa inapowaka huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida. Weka kifaa cha kuwasha polepole, na upange mashine ziwake moja baada ya nyingine. Hesabu jenereta kwa kompresa ya mwisho kuwaka wakati nyingine zote zinafanya kazi. Chunguza pia herufi Hz (hezi, mizunguko ya umeme kwa sekunde): mota ya hezi 60 ikiunganishwa na umeme wa gati wa hezi 50 kwa volti zile zile hupata joto la hatari, na mzunguko wake hupungua kwa moja ya sita. Yoti inayozunguka dunia ihitaji kigeuzi cha umeme wa gati.

Kuhusu gesi ya kupoozea, aina ya zamani iitwayo R-22 inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, inayolinda tabaka la ozoni. Gesi zilizoirithi, kama R-410A na R-407C, zinapunguzwa chini ya makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016. R-410A hupasha angahewa mara 2,088 ya kaboni dioksidi, R-32 mara 675. R-32 huweza kuwaka moto, kwa hiyo usiitie kwenye mashine isiyojengewa gesi hiyo.

Hatua ya 6: Andika namba za siku ya kwanza

Mfumo ukiwa mpya na safi, uendeshe kwa saa moja kisha andika: joto la maji ya bahari ya kuingia na kutoka, joto la maji yaliyopoozwa ya kwenda na kurudi, joto la hewa kabla na baada ya kila koili, volti na ampea za kila kompresa na pampu, na shinikizo la gesi kama mashine ina vipimo vya kudumu. Bandika karatasi hiyo ndani ya mlango wa paneli. Hitilafu nyingi za baadaye zitatatuliwa na karatasi hii.

Kutafuta hitilafu

Utaratibu wangu haubadiliki: maji ya bahari kwanza, hewa ya pili, umeme wa tatu, gesi mwisho kabisa. Fundi anayefungua vipimo vya gesi kabla ya kutazama chujio humtia mwenye chombo gharama bure, na kila mara hozi za vipimo zinapounganishwa gesi kidogo hupotea. Kwa mashine ndogo yenye gesi ya gramu mia chache, upotevu huo peke yake unaweza kuleta hitilafu mpya.

*Mashine inajizima kwa shinikizo kubwa.* Tazama maji yanayotoka nje. Kama ni haba au yanatoka kwa vipindi, fungua chujio, kisha kagua tundu la chini kama limezibwa na plastiki au kome. Kama chujio ni safi na pampu inazunguka bila kusukuma, hewa imenasa: legeza hozi ya kutoka kwenye pampu mpaka maji yajae, kaza tena. Maji yakitoka vizuri, pima joto lake. Kati ya kuingia na kutoka lazima kuwe na tofauti ya nyuzi 3 hadi 6. Tofauti ikizidi hapo, maji ni machache. Tofauti ikiwa ndogo na bado shinikizo ni kubwa, joto linashindwa kuvuka ukuta wa bomba: kuna tabaka la chokaa na viumbe wa bahari ndani ya kondensa.

Kusafisha kondensa, funga valvu ya bahari, unganisha ndoo na pampu ndogo, na zungusha asidi hafifu iliyotengenezwa kwa kazi hii kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Vaa miwani na glavu, fungua madirisha, suuza kwa maji matamu mengi. Usiimwage asidi hiyo baharini. Usiongeze ukali wake kwa kutaka kumaliza haraka. Mabomba ni membamba.

*Koili imeganda barafu.* Zima kompresa, acha feni iendelee kuzunguka, au washa upande wa kupasha joto kama mashine inao. Barafu ikishayeyuka, safisha chujio la hewa, hakikisha feni inazunguka kwa kasi, ondoa masanduku yaliyowekwa mbele ya grili. Sehemu kubwa ya barafu inatokana na hewa. Ikirudi baada ya hapo, ndipo ufikirie gesi pungufu.

*Chila inaandika maji baridi mno na kujizima.* Jina la kosa hupotosha. Mara nyingi maji hayazunguki vya kutosha, yakakaa ndani ya chila mpaka yakakaribia kuganda. Pima tofauti ya kwenda na kurudi. Ikifika nyuzi 9 au 10, tafuta chujio la mzunguko lililoziba, hewa, au pampu inayochoka. Ikiwa nyuzi 2 tu huku vyumba vikiwa na joto, maji yanazunguka vizuri na tatizo liko upande wa hewa: feni, vichujio, au valvu za vyumba zilizokwama.

*Chumba kimoja tu kina joto.* Shika bomba la kuingia na la kutoka kwenye koili yake. Yote mawili yakiwa ya vuguvugu, maji hayafiki: toa hewa, kisha jaribu valvu kwa mkono. La kuingia likiwa baridi na la kutoka likiwa baridi sawa, hewa haipiti. Kama mabomba yako sawa lakini hewa inatoka kidogo, dakti imebanwa au imechomoka nyuma ya paneli na inapooza kabati.

*Chumba kina baridi lakini kina unyevu.* Weka feni ifuate kompresa badala ya kuzunguka wakati wote, maana feni inayoendelea baada ya kompresa kuzima hurudisha chumbani maji yaliyo kwenye koili. Kagua mlango wa nje usiofunga sawasawa, na uwiano wa hewa safi na feni za vyoo.

*Harufu.* Tafuta sinia la koili lenye utelezi, kona ya bomba iliyokauka, au ufa unaovuta hewa ya ngama. Safisha sinia na bomba lake, na ziba ufa. Marashi yataficha onyo unalolihitaji.

*Kompresa inanguruma bila kuwaka.* Pima volti wakati huo huo inapojaribu kuwaka, siyo ikiwa imetulia. Kwa mfumo wa volti 230, ikishuka chini ya 207 laumu waya au gati kwanza. Kisha pima kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya kusaidia mota kuwaka), baada ya kuimaliza chaji yake, na ibadilishe kama imeshuka kwa zaidi ya asilimia 10 chini ya namba iliyoandikwa.

Ukifika kwenye gesi

Kazi hii ni ya fundi mwenye cheti. Kwa R-410A na bahari ya nyuzi 32, tarajia upande wa juu kama bar 25 na upande wa chini kama bar 8. Geuza shinikizo la juu kuwa nyuzi kwa jedwali la gesi hiyo, kisha linganisha na joto la maji ya bahari yanayotoka. Pengo la nyuzi 3 hadi 6 ni zuri. Pengo likipanuka mwezi hadi mwezi, kondensa inachafuka. Kama umeshaisafisha na pengo bado ni pana, zima kompresa, acha pampu ya bahari izunguke hadi mashine ilingane na maji, kisha soma shinikizo. Likiwa juu kuliko jedwali linavyosema kwa joto hilo, kuna hewa ndani ya mfumo.

Shinikizo la chini likishuka, na gesi inayorudi kwenye kompresa ikiwa na joto kwa nyuzi 15 au zaidi juu ya nyuzi za kuchemka kwake, gesi imepungua. Gesi haichakai wala haitumiki ikaisha. Imepungua kwa sababu imevuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kuitupa angani. Angalia kwanza alama za mafuta kwenye viungo, kisha tumia sabuni na kifaa cha kunusa. Iondoe gesi iliyobaki kwa mashine ya kuikusanya, unga kiungo kwa kuchomelea huku naitrojeni ikipita taratibu ndani ya bomba, jaribu kwa shinikizo la naitrojeni, badilisha drayeri (kichujio kinachonyonya unyevu), vuta hewa hadi chini ya maikroni 500 (kipimo cha ombwe), na hakikisha kipimo hakipandi baada ya kufunga pampu. Tia gesi kwa mzani kulingana na kibao cha mashine, na kwa R-410A na R-407C itoke kwenye mtungi ikiwa majimaji. Andika kiasi ulichotoa na ulichotia, tarehe, na mahali palipovuja, kwenye daftari la chombo.